Mstari Mfupi wa Twagirimana

Pale Birere, mjini Goma, nyuma ya maduka ya ndoo na masufuria, kuna depo moja ya fromaji. Utainusa kabla hujaiona. Ndani, jibini za Masisi zimelala kwenye rafu za mbao, za mviringo, za manjano, kila moja kama mto mdogo wa kulazia kichwa cha mtoto. Na asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza kupigiana honi barabarani, utasikia: ko, ko, ko.

Huyo ni Twagirimana.

Anagonga kwa fundo la kidole cha kati, mara tatu: tumboni, ukingoni, mgongoni. Anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa siri. Halafu anasema neno moja. "Meli" maana yake fromaji hiyo imekomaa vizuri, itavuka ziwa mpaka Bukavu bila kuharibika. "Hapa" maana yake iuzwe Goma wiki hii. "Jikoni" maana yake ipelekwe kwa wenye kupika, leo leo. Ikiwa ni ya meli, anachukua kipande cha makaa kutoka nyuma ya sikio lake na kuichora mstari mmoja mgongoni. Basi. Fromaji yenye mstari wa Muzee Twagi haijadiliwi tena, si hapa, si Bukavu.

Hakuwa na mizani wala kisu. "Kisu ni cha mutu mwenye mashaka," alipenda kusema, na wauzaji wa maduka yale wote walikuwa wanalijua neno hilo, wakimtania nalo alipokuwa akitafuta funguo zake mfukoni.

Kazi hiyo aliipata akiwa kijana, juu kwenye vilima vya Masisi, katika nyumba ya maziwa ya mzee mmoja aliyeitwa Anastase. Anastase alimfundisha kwa kumfunga macho na kitambaa cha kuchujia maziwa, kikiwa bado kibichi, kinamchuruzika mpaka shingoni. Anaweka fromaji mbele yake. Gonga. Hii? Gonga. Na hii? Iliyoshiba ina mlio mzito, mfupi, unaokaa chini. Yenye upepo ndani, ile ambayo baadaye inaweza kuvimba na hata kupasuka, ina mlio mwembamba unaopanda juu, kama kijiko kimeguswa na kijiko kingine nyumba ya pili. Mwaka mzima Twagirimana alinuka maziwa shingoni, lakini alijua.

Baadaye vilima vile vikawa havikaliki. Akashuka Goma na mkewe Dancille, na binti yao Munezero mgongoni mwa mama yake. Wakajenga nyumba ya mbao Katoyi, juu ya mawe meusi ya volkano. Munezero sasa ameolewa, anakaa mtaa wa Mapendo, ana watoto wawili. Twagirimana ana miaka sitini na miwili, na kwa muda wote huo hakuwahi kuogopa kazi yake, mpaka mvua za mwaka jana.

Siku hiyo walikuwa mezani mchana, yeye na Dancille. Akamwona mkewe ananyanyua sauti, anatazama juu kwenye mabati. Naye akatazama. Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli, maji yanaruka mlangoni. Lakini kwake ilikuwa kama mtu anachekecha unga chumba cha pili. Akaendelea kula.

Pale depo, mlio mzito ulikuwa bado unakuja, wote, mzima. Ule mwembamba ndio haukuja. Aligonga, akasubiri, akagonga tena. Mara nyingine kilimfikia kipande tu, kama mkia wa mjusi unaopotea chini ya mlango.

Mstari mfupi uliingia hivyo. Hakuupanga. Asubuhi moja aligonga fromaji, hakusikia kibaya, lakini hakuwa na hakika kwamba kibaya hakipo. Mkono ukaanza kuchora, ukafika katikati, ukasimama. Akautazama ule mstari wa nusu. Akauacha. Mrefu ulikuwa unasema: nimesikia. Mfupi ulikuwa unasema: sikusikia sawasawa, Mungu aisaidie. Alidhani hakuna atakayeona.

Lakini Birere haiachi alama bila kuipa maana. Haikupita miezi miwili, wauzaji walikuwa wameshaamua wenyewe kwamba mstari mfupi ni chaguo la machaguo. "Ile ya mufupi iko ya bakubwa," aliwaambia wateja mama mmoja wa duka la jirani, na sauti yake kama kengele, hata Twagirimana aliisikia. "Muzee akiona fromaji yenyewe inajisema, hamalizi makaa yake bure." Watu wakaanza kuziulizia. Mwanzoni alicheka ndani kwa ndani. Alipotaka kusema kweli, aliona itabidi aiseme yote, pamoja na masikio. Akaendelea kuchora.

Hapo ndipo Charline alipoletwa.

Alimleta Mama Kasoki, mwenye depo, mwanamke wa Butembo aliyezoea safari ndefu na maneno mafupi. "Muzee Twagi, huyu ni Charline, mutoto wa kaka yangu. Eko namaliza masomo ya informatiki, mambo ya kompyuta. Anataka kukaa na wewe miezi miwili."

"Kukaa na mimi?" Twagirimana alimtazama yule msichana mrefu mwenye begi kifuani. "Mimi niko na bibi, Mama."

Charline akaziba kinywa kucheka. "Ni memwari yangu, Papa. Kazi ya kumaliza chuo. Natengeneza kitu ndani ya simu cha kumusaidia mufanyabiashara kuamua. Hakiamui chenyewe. Kinamupa shauri tu."

"Simu yangu kila asubuhi inanipa shauri la kununua mega za intaneti."

"Hii itasikiliza namna unagonga. Kila fromaji, mulio wake, na neno lako."

Kicheko kikamkauka Twagirimana mdomoni. Simu haina miaka sitini na miwili. Simu inasikia. Akasema ana kazi nyingi. Akasema depo ni ndogo. Akasema harufu ya fromaji itamshinda mtoto wa chuo. Mama Kasoki akasikiliza yote matatu, halafu akasema, "Ataanza kesho," akaenda kuangalia masanduku yake.

Kwa hiyo wakaanza. Charline aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na fromaji mbele yake kwenye kitambaa. Twagirimana anagonga, anasema neno lake, msichana anaandika namba, neno, na mstari aliouchora, mrefu au mfupi. Baada ya siku kumi, zilizobaki Goma zilikatwa kuona ndani. Zilizokwenda Bukavu, mpokeaji wa kule alizikata, akazipiga picha na kuzituma. Taratibu kile kitu ndani ya simu kikawa kinajifunza: mlio huu, tumbo hili.

Siku za kwanza alimsemesha kidogo tu. Lakini Charline hakuwa mtu wa kuchosha. Alikaa, akatazama, akauliza swali moja kwa saa moja. Profesa wake alikuwa mji mwingine. Tangu masomo yao yahamie kwenye simu, alikuwa anamtumia kurasa zake na profesa anamrudishia sauti yake imerekodiwa, nusu maoni, nusu kikohozi. Netiweki ilikuwa inapatikana dirishani tu, kwa hiyo kila adhuhuri Charline alipanda juu ya masanduku matatu na kusimama hapo, simu sikioni, uso kwenye mabati.

"Profesa wako anakaa kwenye dari?" Twagirimana alimuuliza.

"Leo eko ametoka, Papa. Ameacha kikohozi."

Alicheka mpaka akashika rafu. Kuanzia siku hiyo alimletea ndizi kutoka nyumbani, na Dancille aliposikia kuna msichana, akawa anaweka mbili.

Wiki ya nne, Charline alimgeuzia kioo cha simu. "Angalia, Papa. Hizi ni sauti zako." Mlio wa fromaji nzuri ulikuwa kama kilima kifupi, cheusi, kilichoshiba. Karibu yake kulikuwa na kingine, kilima kilekile, lakini juu yake zimeota nywele nyembamba, nyingi, zinarefuka mpaka ukingoni mwa kioo.

"Na hizi nywele?"

"Ni mulio mwembamba. Ule wa juu kabisa. Hii tuliikata jana, ilikuwa na upepo."

Twagirimana aliitazama kwa muda mrefu. Ule mlio aliokuwa akiutafuta mwaka mzima, akiinama mpaka pua yake inagusa fromaji, huo hapo, umekaa kwenye kioo, hauna haraka. Hakuweza kuusikia, lakini aliweza kuuhesabu unywele kwa unywele. Aliona pia namba ya ile fromaji, na karibu na namba, kwa mwandiko mdogo wa Charline: *mfupi*.

"Nimechoka," akasema. "Tutaendelea kesho."

Jumamosi Mama Kasoki aliingia depo na furaha, jambo ambalo halikuwa la kila wiki. Kulikuwa na harusi Bukavu, familia kubwa, wanataka fromaji kumi na tano, meli ya Jumanne. "Na wamesema yote mifupi, muzee. Mirefu hawataki hata kuiona. Unichoree kumi na tano, Jumatatu ziwe tayari."

Alijibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ndilo neno lililokuwa karibu. Alipokuwa anarudi Katoyi alifikiria meza ya harusi, bwana harusi na shati lake jeupe, na fromaji iliyovimba inapasuka mbele ya wakwe. Alifikiria pia njia nyingine: kuchora mstari mfupi juu ya fromaji nzuri kumi na tano. Hapo angekuwa amedanganya kwa mkono wake mwenyewe, na mstari huo usingekuwa na maana yoyote tena hata kwake.

Jumapili, baada ya misa, walisikia hodi. Dancille ndiye aliyeisikia. Ni Charline, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi, begi kifuani. Dancille akamkalisha, akaleta chai ya maziwa, akauliza habari za mama yake, za shangazi yake, za masomo. Charline alijibu vizuri, lakini chai yake ilikuwa inapoa.

"Papa," akasema mwisho, "nimekuja kabla ya kumutumia profesa sura ya tatu."

"Ndiyo."

"Za mustari murefu, tulizikata mia moja na makumi ine. Zilizoharibika ni mbili." Akasogeza kikombe. "Za mustari mufupi, tulikata makumi tatu. Kumi na moja zilikuwa na upepo. Na zote kumi na moja, Papa, ziko na nywele kwenye mulio. Mulio wa chini haujawahi kukupita hata mara moja. Ni ule wa juu tu."

Nje mtu alipita na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, magurudumu yanaruka juu ya mawe. Hiyo Twagirimana aliisikia vizuri.

"Labda simu yako ni mbaya," akasema.

"Papa Munezero." Dancille alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Mwambie mutoto."

"Nimwambie nini?"

"Tangu Pasaka nakugusa bega mbele ya kukusemesha. Ulizani ni nini?"

Alifikiri. Ni kweli. Kila asubuhi mkono wake unakuja kwanza, halafu neno. "Nilizani ni mapenzi," akasema.

"Ni mapenzi," Dancille akasema. "Sasa mwambie."

Basi akamwambia. Akasema kuhusu mvua na unga, kuhusu mkia wa mjusi, kuhusu mkono uliosimama katikati. Alisema akitazama kikombe. Charline hakuandika. Alipomaliza, msichana akavuta begi karibu.

"Naweza kuziondoa zile kumi na moja," akasema polepole. "Shangazi ndiye atasoma wa kwanza. Hakuna atakayejua kama zilikuwapo. Niliwaza njiani."

"Ukiziondoa, ile simu itajifunza nini?"

"Itajifunza kwamba wewe haukosei."

"Na itaanza kukosea kama mimi, mahali palepale." Akatikisa kichwa. Kitambaa kibichi cha Anastase kilimrudia shingoni, na yule mzee asiyesema umekosa, anayesema tu gonga tena. "Ziache. Na shangazi yako usimupe karatasi kabla yangu. Mimi ndiye nitasema."

Jumatatu alifika kabla ya wote. Hakukaa. Mama Kasoki alipoingia, alimkuta amesimama katikati ya depo, hana makaa nyuma ya sikio, ameyaweka chini miguuni.

"Kumi na tano ziko wapi?"

"Mama, kaa kwanza."

"Tangu lini nakaa?" Lakini kitu usoni mwa mzee kilimfanya avute sanduku.

Alimwambia. Mara hii ilikuwa fupi kuliko nyumbani. "Mustari mufupi haiko wa bakubwa. Ni mimi nisiposikia vizuri. Masikio yangu yamepoteza mulio wa juu, tangu mvua za mwaka jana. Nilificha."

Mama Kasoki alimtazama, akatazama rafu, akamtazama Charline aliyekuwa mlangoni na karatasi zake. "Kwa hiyo," akasema, "bakubwa wa Bukavu mwaka muzima wanakula mashaka yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na wanayasifu."

"Nimesikia hivyo. Kwa sikio la kuume."

Ilianzia mabegani. Mama Kasoki alicheka akiwa ameinama, kiganja kwenye goti, mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea, mpaka yule jirani mwenye sauti ya kengele akachungulia kuona kuna nini. Halafu kicheko kikaisha, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na uso wake ukawa ule wa kila siku.

"Ungeniambia."

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza," akakubali. "Mwaka jana ningekufukuza siku ileile. Mimi sijui kusikia fromaji, mimi najua tu kama mutu anajua ao hajui." Akanyoosha mkono kwa Charline. "Lete iyo tablo ya hesabu."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Aliporudi juu akasoma tena. Twagirimana alitazama kile kidole kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Kilisimama kwenye ile mia moja na arobaini, kikagonga karatasi mara moja, tu.

"Mirefu haijadanganya," Mama Kasoki akasema.

"Hapana, Shangazi."

"Na mifupi ilikuwa inatuambia yenyewe kwamba haijui. Ni sisi ndio tuliipandisha cheo." Akamrudishia karatasi. Akamgeukia mzee. "Harusi itapata mirefu kumi na tano. Bukavu nitawaelezea mimi, na watakula. Mirefu iende meli kama zamani. Mufupi uende kwenye ndoo, simu isikilize. Simu nayo ikiwa na mashaka, tunakata."

"Kwa kisu," Twagirimana akasema.

"Kwa kisu, muzee. Nitakununulia kizuri."

Aliinama kuokota makaa yake chini. Ilimchukua muda kuinuka, na hakuna aliyemharakisha.

Tangu siku hiyo alichora mistari yake wazi. Akigonga na asipate hakika, hainami tena mara tano kama mtu anayeswali. Anachora nusu, anaipeleka fromaji kwenye ndoo, anavaa miwani. "Haya, mwanangu, nionyeshe nywele." Wiki ya kwanza alikuwa anaiona aibu juu ya ndoo pamoja na ile fromaji. Wiki ya tatu alikuwa anabishana na kioo. Siku moja simu ilisema nzuri, yeye akasema hapana, wakakata, na ndani kulikuwa na tundu kubwa kama jicho la ng'ombe. Alikishika kile kipande juu, akawazungushia wauzaji wote, na kisu mkononi. Walimuuliza kama sasa ni mtu wa mashaka. "Sana," akajibu, "na niko na tablo yake."

Watu wa maziwa wa Masisi nao wakaanza kutumiwa sauti zake. Ilikuwa wazo la Charline: Twagirimana anagonga, anaeleza, inarekodiwa, inapanda vilima kwa simu. Kule vijana wanasikiliza wamekaa juu ya ndoo zao. "Hii ya kwanza mutaisikia wote," anasema ndani ya zile sauti. "Hii ya pili, mimi siisikii tena. Ninyi muisikie kwa niaba yangu."

Charline alitetea memwari yake juu ya masanduku matatu, dirishani, amevaa shati jeupe na chini viatu vya plastiki, kwa sababu kamera haikufika huko. Twagirimana na Dancille walikaa nyuma ya rafu, wameambiwa wasikohoe. Profesa ndiye aliyekohoa. Netiweki ilikatika mara mbili, ikarudi, na mara ya pili iliporudi kule walikuwa wanapiga makofi.

Wiki moja baadaye alikuja Katoyi na kitabu chenyewe, kimefungwa jalada la bluu. Ilikuwa saa kumi, jua limelala juu ya mawe meusi, Dancille anachambua maharagwe mlangoni. Charline akahamisha kiti chake, akakaa upande wa kuume wa mzee bila kuambiwa. Akafungua ukurasa wa mbele.

"Ni kifransa, Papa, lakini nitakusomea kwa kiswahili." Akasafisha koo. "Kwa Papa Twagirimana wa Birere, aliyenifundisha kwamba kujua pale mutu hajui ni kazi nzima, na kwamba inaweza kuandikwa kwa makaa."

Mikono ya Dancille ilisimama ndani ya maharagwe.

Twagirimana alitazama mbele, kwenye njia, ambapo hakukuwa na mtu. Alikuwa amesikia kila neno, tangu la kwanza mpaka makaa. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Pole pole."